Mini 1000 ya 1978 inavuta kushoto, berso ya mbele imepinda: ninyooshe ao nibadilishe? (Lubumbashi)

Mwana_Kampemba

Jambo ba yaya na ba dada, naomba msaada, nitaandika kirefu kidogo mnisamehe. Niko na Mini 1000 ya mwaka 1978, ile ya injini 998, volani kuume, ilitokea Zambia tangu zamani, baba mdogo njo aliniachia. Mvua za mwezi wa kwanza mdogo wangu alikuwa anarudi nayo upande wa komini Kenya, hapa hapa Lubumbashi, maji imefunika barabara hakuona kaniveau (mtaro wa maji) inaanzia wapi, gurudumu ya mbele kushoto ikaingia yote. Vijana wakafunga kamba wakaitosha (wakaitoa), ikawaka, akafika nyumbani.

Tangu pale gari inavuta kushoto. Ukiachilia volani kidogo inaenda yenyewe, volani haikai tena sawa hata barabara ikiwa nyoofu, na tairi ya kushoto inalika vibaya. Fundi wa kwanza amesema ni paralele tu (kupanga magurudumu yaelekee sawa), ameifanya nikalipa, tairi ikaendelea kulika vilevile. Mwengine amelala chini amechungulia amesema berso imepinda, ile sabfremu ya mbele inayobeba injini na mikono ya magurudumu, eti anapasha na moto wa gesi anavuta na mnyororo, jioni naenda nayo kwangu. Bei yake si mbaya, njo maana naogopa.

Kuko mutu mwenye amefanya hii kazi kwa Mini? Inanyooka kweli ama nitafute ingine?

kijana_wa_IST

Uza kilo ununue gari. Mini ni ya kupigia picha ya ndoa 😂

Papa_Ajusteri

Kijana wa IST acha wakubwa waongee.

Mwana Kampemba, moto usikubali. Nitakueleza juu ya nini, lakini kwanza jibu hii: hawa vijana walifunga kamba wapi? Maana kwa Mini watu wanainama wanaona fimbo nzuri inatokea mbele ya berso inaenda kwa mkono wa chini, wanafikiri kiwanda iliiweka ju ya kamba. Ile ni tirani. Kazi yake ni kushika gurudumu isirudi nyuma wala isiende mbele. Ukiivuta na kamba inapinda katikati, na fundi mwenye hajui Mini anakuambia ni berso. Tirani unaibadilisha chini ya mti kwa saa moja, berso unatosha injini. Kwa hiyo usinunue kitu, usichome kitu, pima.

Namna ya kupima bila mashine. Tafuta betoni iliyo sawa, station ya mafuta wakikubali asubuhi ni nzuri. Pine zote upepo sawa, volani nyoosha, sukuma gari mbele na nyuma kidogo ili isimame vile inataka yenyewe, usipime punde tu umeshusha kriki, kwa sababu magurudumu inakuwa bado imejibana. Kisha timazi: uzi na ekru (nati) nzito inatosha. Shusha kutoka katikati ya kila gurudumu, weka alama ya chaki kwa betoni, alama ine. Sogeza gari. Sasa uko na mchoro wake chini, unapima bila kuinama chini ya kitu.

Kiwanda wanatoa milimita 2036 kati ya gurudumu ya mbele na ya nyuma kwa Mini ya kawaida, si ile ndefu ya van na Clubman Estate. Pima kushoto, pima kuume. Pima na mishazari yote mbili. Tofauti ya milimita mbili tatu usilie, hata zikitoka kiwandani hazikuwa saa ya mkono. Ikipita hapo, rudi hapa.

Na ubebe kle (spana) za inchi, hii gari haijui milimita kwa bulo (bolti) nyingi. Kle 13 inaingia kwa ekru ya nusu inchi na inaonekana sawa mpaka inakula kona zote.

Mwana_Kampemba

Aksanti papa. Nimeuliza mdogo, kamba anasema waliizungusha "chini mbele", zaidi hajui, ilikuwa usiku na mvua.

Bukavu_Makaniko

Mi naomba nitofautiane na Papa kwa heshima. Huku Bukavu barabara unazijua, hatuna pyesi za kuchagua, berso tunanyoosha kila wiki, Corolla, RAV4, tunapasha mpaka nyekundu tunavuta, gari zinapanda Nyangezi zinashuka. Siyo kila kitu ni cha kutupa.

Papa_Ajusteri

Ndugu wa Bukavu, najua mnafanya, na zingine zinakaa. Lakini angalia Mini imetengenezwaje. Bodi yake ni bati nyembamba, Issigonis mwaka 1959 hakutaka injini na raba za saspensheni zisukume ile bati moja kwa moja, njo akaweka berso mbili, moja mbele moja nyuma, na bodi inakaa juu yake. Ile ya mbele inashika injini, gia, mikono, minara ya raba, kila pigo ya barabara inapitia pale. Na si chuma nene ya kumiminwa, ni mabati ya kukandamizwa yameunganishwa kuwa sanduku. Sanduku ya bati nguvu yake ni umbo. Ukipasha kona yake mpaka nyekundu bati inalainika pale pale ulipopasha, ukivuta inanyooka kweli, macho inafurahi, kisha kaniveau ya pili inapinda palepale na kwa nguvu kidogo zaidi. Ao haipindi, inapasuka pembeni ya alama ya moto, na tirani iko imeshikilia hapo. Gurudumu ikirudi nyuma ghafla uko na mwendo 80 kwa barabara ya Likasi, utaniambia.

Baridi, hiyo naikubali. Unaitosha kwa gari, unaifunga kwa sahani nene ya chuma yenye mashimo yamepimwa, unavuta polepole na kriki ya mafuta, unapitisha kidogo kwa sababu chuma inarudi ukiiachilia. Lakini hiyo ni kama imepinda bila mkunjo. Bati ikishajikunja, ukaona mstari mkali, ile imekufa pale.

Furaha_Goma

Habari zenu. Mimi niko Goma, nina Mini ya marehemu baba, inakaa zaidi kuliko inavyotembea kwa sababu ya hizi barabara zetu za mawe ya volkano. Ninaongeza swali: kabla ya kupima umekagua raba za tirani? Pale mbele inaposhikwa kuna raba mbili, moja kila upande wa bati. Yangu ilivuta upande, kila mtu akasema berso, kumbe raba moja ilikuwa imeliwa yote na fimbo inacheza mbele nyuma ukikanyaga breki. Ukikanyaga breki na gari inakimbilia upande zaidi, anza hapo.

Halafu ondoa tirani uiviringishe juu ya kioo cha meza. Ikiruka imepinda.

Mwana_Kampemba

Nimerudi. Nimepima na kaka yangu mwalimu wa hesabu kwa hiyo namba zinasimama 😄

Kuume 2036. Kushoto 2027. Mishazari haiko sawa, ile inayoanzia mbele kushoto ni fupi. Kisha tumepima kutoka gurudumu ya nyuma mpaka pale pa kuwekea kriki chini ya mlango, pande zote mbili ni sawa kabisa, kwa hiyo nyuma haijasogea, ni mbele kushoto njo imerudi.

Tirani tumeitosha, kwa kioo inaviringika vizuri hairuki. Raba zake ngumu lakini nzima. Mkono wa chini tumelinganisha na wa kuume hatuoni tofauti.

Papa_Ajusteri

Sasa tunaongea. Mwalimu apewe soda.

Sikiliza vile namba zinasema. Kama kamba ndiyo ilipindisha tirani, fimbo ingekuwa imejikunja na kuwa fupi, na fimbo fupi inavuta gurudumu MBELE, upande wa kushoto ungekuwa mrefu. Wako ni mfupi. Gurudumu imerudi nyuma milimita 9 na fimbo ni nyoofu, basi kilichorudi ni pale fimbo inaposhikiwa, pua ya berso. Kaniveau ilisukuma gurudumu nyuma, tirani haikukatika, ikavuta bati.

Na njo maana inavuta kushoto. Kasta, ile pembe inayofanya volani irudi yenyewe, kwa Mini ni kama digrii 3 tu, hakuna nyingi ya kupoteza. Mkono wa chini ukirudi nyuma kasta inapungua upande huo na gari inakimbilia upande wenye kasta ndogo. Paralele inarekebisha fimbo za volani peke yake, haigusi hii, fundi wa kwanza angeifanya mara mia.

Kwangua grisi na tope pale pua ya kushoto, nyuma ya shimo la tirani. Sugua na brashi ya chuma, si bisibisi. Angalia rangi.

Mwana_Kampemba

Papa wewe ni mganga. Rangi imepasuka, na chini yake kuko mkunjo wa kidole kimoja, ukipitisha ukucha unaingia. Upande wa kuume bati ni laini kabisa. Picha nimeweka, samahani mkono wangu ulikuwa mchafu.

Bukavu_Makaniko

Nimeona picha. Hiyo hata mi sivuti. Badilisha.

Papa_Ajusteri

😂 Aksanti ndugu. Makubaliano ya amani yamesainiwa.

Likasi_Classic

Kwa kutafuta: usichukue ya Mini yoyote. Ya kwako ni 1978. Mwaka 1976 walibadilisha namna berso ya mbele inashikwa, zile za mbele ya hapo zinafungwa chuma kwa chuma na mnara uko na bulo mbili juu, za kisha 1976 zinakaa juu ya raba na mnara uko na bulo moja kubwa. Muuzaji akikuambia "zote ni sawa", muombe picha ya juu ya mnara uhesabu matundu. Na kama mtu anatosha ya gari za 1964 mpaka kama 1971 uliza kama ilikuwa ya Hydrolastic, saspensheni ya maji badala ya koni za raba zinazofanya kazi ya springi, berso zake ni tofauti.

Mpya bado zinauzwa Uingereza, uzito wake na ushuru ndio unaua. Zambia upande wa Kitwe na Ndola kuko Mini zimekufa chini ya miembe, na Afrika Kusini ziko nyingi zaidi juu walikuwa wanazitengeneza huko, kiwanda cha Blackheath karibu na Cape Town.

Lakini ya gari iliyokufa nayo ipime! Mishazari kutoka shimo mpaka shimo, na upige pua zote mbili kwa nyundo ndogo, kutu ya ndani inalia tofauti. Usije kuvusha mpaka wa Kasumbalesa na mkunjo mwingine.

Mwana_Kampemba

Nimepata! Kitwe, ya mwaka 1980, bulo moja kwa mnara, rafiki ameipima mishazari kwa simu mi nikiwa naangalia video, tofauti haifiki milimita moja. Imevuka. Sasa naogopa kazi yenyewe. Papa atakuwa anasimamia lakini nataka nijue nini inakuja.

Furaha_Goma

Nitakuandikia nilivyofanya, sio kitabu, wengine wataongeza.

Njia rahisi si kushusha injini. Unaacha injini ndani ya berso, unafungua kila kitu kinachounganisha berso na bodi, kisha unainua BODI. Pua ya Mini bila injini ni nyepesi, gogo la mbao limepitishwa chini na watu wanne wenye nia wanaitosha juu, wa tano anavuta berso mbele ikiwa bado juu ya magurudumu yake.

Batri iko kwenye buti ya nyuma, itoe waya kwanza kabisa. Mwaga maji. Toa boneti. Mabomba ya maji na ya hita, waya wa eksileta na wa choki, kebo ya spidi, waya mkubwa wa stata, bomba la klachi, ekzosti pale inapokutana na injini, fimbo ya gia chini, mabomba laini ya breki, vichwa vya fimbo za volani, na ule mkono mdogo wa juu unaozuia injini isitikisike. Huu ndio unasahaulika, unainua bodi na injini inakuja nayo.

Ukishafungua yote hayo zinabaki bulo za berso: ile kubwa juu ya kila mnara, za mbele kwenye bati la pua, na za nyuma za miguu chini ya sakafu pale miguu ya dereva inapokaa. Za nyuma zilikaa na maji miaka yote hiyo. Mwagia mafuta kila jioni tangu leo, na ikikataa usiongeze bomba kwenye spana, irudishe robo, iendeleze robo. Ikikatika ndani ya sakafu utalia.

Kitu cha kuogopa kweli ni koni za raba ukihamisha mikono kwenda berso mpya. Koni imebanwa ndani ya mnara hata gari ikiwa hewani. Ukifungua mkono wa juu bila kuishika, inarusha. Kuna kifaa cha kuizungushia katikati ya koni kutoka juu ya mnara, unakaza inajivuta juu, ndipo unafungua. Ukikitengenezea mwenyewe, koni za zamani zina uzi wa inchi na za baadaye uzi wa metriki, ingiza kwa vidole kwanza, isipoingia laini USILAZIMISHE. Na usiweke uso juu ya mnara hata sekunde.

Papa_Ajusteri

Dada Furaha amesema vizuri. Mi naongeza mambo mawili tu. Berso ya zamani ikitoka, usikimbilie kuweka mpya, lala chini na taa uangalie bati ya sakafu pale miguu ya berso ilikuwa imefungwa. Ile pigo iliyokunja pua iliendelea nyuma. Na makasi ya volani (rack, ile fimbo yenye meno inayogeuza magurudumu) imefungwa kwa sakafu juu ya berso, ni siku yako ya pekee ya kuifikia bila kutukana, angalia bulo zake na vifuniko vya raba.

Raba za kushikia berso nunua mpya zote. Watakuambia weka za aluminium, gari inakuwa kali kwa kona. Kwa Lubumbashi na hizi shimo? Kila shimo itaingia kwa bati.

Mwana_Kampemba

Habari njema na kidogo mbaya. Imetoka. Bulo moja ya mguu wa kushoto ilikataa kweli, mafuta na robo robo ikaachilia. Na Papa aliona: kwa sakafu, pembeni ya ule mguu, ufa mdogo, urefu wa kijiti cha kiberiti, ulikuwa umefichwa na lami ya chini. Tumetoboa tundu dogo kila mwisho wa ufa usiendelee, fundi wa kuchomelea akaufunga na kuongeza kipande cha bati nyuma yake. Umeme ulikatika akiwa katikati, tukamaliza na jenereta ya jirani.

Berso mpya tumeisugua, tukapaka primer na rangi, ndani ya sanduku Papa akamwaga wax na mafuta kupitia matundu.

kijana_wa_IST

Nafuatilia huu uzi kama sinema nakubali

Mwana_Kampemba

Bodi imeshuka leo, watu tulikuwa sita, mama alitupikia bukari. Kuingiza ni kugumu kuliko kutosha, matundu hayakutani yenyewe, Papa alituzuia kukaza hata bulo moja mpaka zote zimeingia kwa vidole.

Namba: kuume 2036, kushoto 2035. Volani inarudi katikati yenyewe. Paralele tumefanya baada ya kuzunguka mtaa raba zikae, imewekwa wazi mbele milimita 1.6 jumla, njo kipimo cha kiwanda kwa mbele. Breki tumetoa hewa. Tairi ya kushoto imetupwa.

Papa_Ajusteri

Nakuja Jumamosi kukaza tena bulo zote. Raba mpya zinakaa, bulo zinalegea, kila mara. Na ile berso iliyokunjwa uniwekee, usiipe watu wa vyuma chakavu, miguu yake ya nyuma na minara ni mizima, mashimo yake yatanisaidia kutengeneza ile sahani ya kupimia.

Likasi_Classic

Papa ukitengeneza sahani mi niko na kazi. Ya kwangu shida ni nyuma, pine zote mbili za nyuma zinalika ndani, na ukisukuma gari pembeni kwa mkono unasikia ko! ko! Berso ya nyuma iko na kutu lakini haijapinda nadhani.

Papa_Ajusteri

Nyuma ni kesi ingine. Hapa kwetu ile tope nyekundu inajaa ndani ya berso ya nyuma wakati wa mvua na inabaki na maji mpaka mwezi wa sita, unaosha gari inang'aa juu, ndani inaoza. Ko-ko inaweza kuwa mikono ya nyuma, kila mmoja uko na beringi na busha ya shaba na nipo ya grisi yenye hakuna mtu anaipaka grisi. Inua gurudumu, shika juu na chini, tikisa, mwengine aweke kidole pale mkono unapozungukia. Ikicheza pale, berso haina kosa.

Isipocheza, angalia vile vishikio vine vinavyofunga berso kwa bodi, viwili mbele viwili nyuma, na hasa bati ya bodi penye vile vya mbele, chini ya kiti cha nyuma. Ile bati ikioza berso yote inatembea, unaweza kununua mpya ukaifunga kwa bati iliyooza. Pima paralele ya nyuma pia, inatakiwa kufunga mbele milimita 3.2, wengi hawajui kama nyuma ya Mini ina kipimo.

Kama ni kuitosha, bulo ya juu ya amortisere (shokomzoba) ya kushoto iko nyuma ya tanki ya mafuta ndani ya buti, itabidi usogeze tanki. Maliza mafuta kwanza, usije kwangu na tanki imejaa. Na zile bulo za vishikio anza kuzimwagia mafuta leo usiku.